Mafundi wa mifumo na sheria za wahasibu

Kijana akiajiriwa kwenye kitengo cha TEHAMA, haipiti wiki kabla hajauliza: "Programu nimeiandika mimi, mbona nanyimwa ruhusa ya kuiweka kwenye seva?" Nimefanya kazi muda mrefu kwenye kampuni ambazo hisa zake zinauzwa Marekani, na nimeona kwamba ukimjibu "ndiyo utaratibu" unamwongezea hasira tu. Afadhali aelezwe sheria imetoka wapi.

Desemba 2001 Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyodanganya kwenye hesabu zake, ilifilisika. Julai 2002 ikafuata WorldCom, kampuni ya simu, iliyokuwa imeandika gharama za kawaida za laini za mawasiliano kana kwamba ni mali, faida ikaonekana nono kwa mabilioni ya dola. Tarehe 30 mwezi huohuo Rais George W. Bush akatia saini sheria ya Sarbanes-Oxley, ambayo maofisini tunaiita SOX. Tangu hapo mkurugenzi mkuu na mkuu wa fedha wa kampuni yenye hisa sokoni Marekani huzithibitisha hesabu kwa saini zao, na kifungu cha 404 kinautaka uongozi upime kila mwaka udhibiti wa ndani wa hesabu hizo, yaani taratibu za kuzuia makosa na udanganyifu. Nazo hesabu hazimo daftarini tena, zimo kwenye mifumo tunayoiendesha sisi. Mtu anayeandika msimbo na kuuweka kwenye seva peke yake anaweza kubadili mapato ya kampuni bila mwenzake yeyote kujua. Basi kazi hizo mbili hugawanywa.

Kwa hiyo ruhusa usiichukulie kama cheo. Ukihamia kitengo kingine, omba mwenyewe ruhusa zako za zamani zifutwe, kwa maandishi, usingoje mtu akumbuke. Jina lako likikutwa kwenye mfumo wa ankara usiouhudumia tena, utakayeitwa kujieleza ni wewe.

Jambo linalowasumbua mafundi kuliko yote ni ushahidi. Mkaguzi hakuombi orodha ya kazi ulizofanya. Anaitaka orodha ya mabadiliko yote jinsi mfumo wenyewe ulivyoyarekodi, kisha anachagua machache. Kwa kila badiliko anauliza nani aliliomba, nani alilijaribu, nani aliliidhinisha na saa ngapi. Tuseme tiketi, yaani ombi la kazi lililoandikwa kwenye mfumo, inaonyesha idhini ya saa 4:40 asubuhi, lakini logi, yaani kumbukumbu inayojiandika yenyewe kwenye seva, inaonyesha badiliko liliingia saa 4:15. Hapo udhibiti umefeli, hata kama kazi ilikuwa safi na bosi alikuwa amekubali kwenye simu. Ukishakubaliwa kwa mdomo, mwombe bosi aandike neno moja kwenye tiketi ndipo uendelee. Dakika mbili hizo zitakuokoa na siku nzima ya kufukua barua pepe za miezi iliyopita, na hata ukizifukua, mara nyingi hazitoshi.

Na mfumo ukianguka usiku wa manane? Tengeneza. Sheria haikukatazi. Tumia akaunti ya dharura iliyowekwa kwa kazi hiyo, andika ulichogusa, na asubuhi tafuta idhini ya baadaye kama utaratibu wenu unavyosema.

Hapa niseme jambo ambalo wakubwa hawalipendi sana: mengi tunayoambiwa "SOX inataka" hayamo kwenye sheria. Sheria yenyewe haijataja urefu wa nenosiri wala siku za kulibadilisha. Ni kampuni iliyoandika udhibiti wake, na mkaguzi anaipima kwa maneno yake yenyewe. Mkiandika kwamba meneja atapitia logi kila siku, na meneja anazipitia Ijumaa tu, mmejitegea mtego wenyewe. Ukiletewa udhibiti mpya, usome neno kwa neno kabla haujaidhinishwa, useme wazi "hili hatutaliweza kila siku, tuandike kila wiki." Mafundi wengi hukwepa vikao hivyo kwa kuwa vinachosha. Vinachosha kweli, lakini huko ndiko kazi yako ya mwaka mzima inakopangwa.

Kuna pia fomu ya saa za kazi, ile tunayoijaza kwa kubahatisha Ijumaa jioni. Chini ya kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IAS 38, gharama za utafiti zinakatwa kwenye faida ya mwaka huohuo. Gharama za kuunda programu mpya, zikitimiza masharti, zinaandikwa kuwa mali na kugawanywa kwa miaka ya matumizi. Saa zako ni pesa ndani ya vitabu. Ukiambiwa uhamishie saa za matengenezo ya kawaida kwenye mradi mpya ili hesabu za robo mwaka zipendeze, ukumbuke zile laini za WorldCom. Omba agizo hilo kwa maandishi. Mara nyingi litayeyuka papo hapo. Lisipoyeyuka, wapo wakaguzi wa ndani, na kifungu cha 806 cha SOX kinawalinda wafanyakazi wa kampuni zenye hisa sokoni Marekani wanaoripoti udanganyifu.

Mwisho ni diski zinazojaa. Usifute logi wala barua pepe za zamani kabla ya kuuliza idara ya sheria zinapaswa kukaa muda gani, hasa mkiwa na uchunguzi wowote. Kuharibu kumbukumbu kwa nia ya kuzuia uchunguzi wa serikali ya Marekani kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 20. Hao wa sheria wakichelewa kujibu, omba diski nyingine.