Maswali ya Wasomaji: The Byrds na Gitaa la Nyuzi 12
SWALI: Mhariri, je, ni kweli kwamba The Byrds, bendi ya roki ya Marekani, hawakupiga ala wenyewe katika wimbo uliowapa umaarufu? Msomaji, Tanga.

JIBU: Kwa sehemu kubwa ni kweli. Katika "Mr. Tambourine Man", utunzi wa Bob Dylan ulioongoza chati za Marekani na Uingereza mwaka 1965, Roger McGuinn pekee kati yao ndiye aliyepiga ala, yaani gitaa lake la nyuzi 12, huku nyingine zikipigwa na wanamuziki wa kukodiwa. "Turn! Turn! Turn!", wenye maneno ya Kitabu cha Mhubiri, waliupiga wenyewe, nao ukaongoza Marekani mwaka huohuo. Sisi twaupendelea "Eight Miles High" wa 1966, mwaka ambao mtunzi wao hodari, Gene Clark, aliondoka, sababu mojawapo ikiwa hofu ya kupanda ndege.