Anaamka saa kumi na nusu alfajiri: usingizi unamtosha?

Pole dada. Umesema mwanao wa miaka minane analala saa nne usiku na kuamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi la shule. Hayo ni masaa 6 na nusu, na hayamtoshi hata kidogo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji masaa 9 hadi 12 kila usiku. Wa miaka 13 hadi 18, masaa 8 hadi 10. Ndiyo maana anakuwa na hasira na kusinzia darasani, wala si uvivu.

Kwa muda huo wa kuamka, awe amelala saa moja na nusu usiku. Najua ni vigumu, hasa chakula kikiiva saa mbili. Mpikie yeye mapema, hata wali na maharage ya mchana. Sare na begi viandaliwe jioni. Runinga izimwe, simu isiingie chumbani. Muombe dereva amchukue mwisho kwenye mzunguko. Hata nusu saa ni kubwa sana kwake.

Kama anakoroma sana kila usiku, mpeleke kwa daktari.