Maswali yenu: upanga wa babu nitaupata wapi bila kupigwa?

SWALI: Shikamoo mzee wetu wa safu. Mimi Mzanzibari, naishi Leicester mwaka wa kumi na nne huu. Babu yangu alikuwa na upanga wa Kimanga, yaani wa Oman, ukutani kwetu Malindi ya Unguja, ule mwembamba mrefu ulionyooka usio na kikinga mkono, ulikuwa unateremshwa siku za harusi tu wazee wakicheza razha, ngoma ya mapanga. Babu alipofariki upanga ukapotea, kila ukimuuliza mtu anakwambia kaulize kwa shangazi. Mwakani namuozesha mwanangu nataka niwe nao ndani. Bajeti yangu pauni 350, zaidi ya hapo mama watoto atanitoa nje. Nimeona mmoja kwenye intaneti, muuzaji anasema wa karne ya 18, una alama ya mbwa mwitu ya Ujerumani, ulitoka kasri la Sultani, anataka pauni 320 na nimlipe kwa PayPal ile njia ya jamaa na marafiki ili yeye asikatwe. Kaweka picha mbili. Ninunue? Na kama si huyu, muuzaji mwaminifu nampata wapi mtu wa hela ndogo kama mimi?
Mjukuu wa Malindi, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya harusi. Usinunue. Hata sijauona huo upanga na pengine wenyewe mzuri tu, lakini mtu usiyemjua akikwambia umlipe kama jamaa yake maana yake ni kwamba mambo yakiharibika huna pa kwenda, ile njia PayPal hawakulindi kabisa, ni ya kumtumia dada hela ya sikukuu. Muuzaji wa kweli kamisheni yake kaishaipigia hesabu kwenye bei.

Sasa tuje kwa mbwa mwitu manake huyu ndiye anayewaponza wengi. Ni kweli mapanga mengi ya Oman yana chuma cha Ulaya, mabapa yalikuwa yanakuja kwa meli na Solingen ya Ujerumani ilikuwa inauza dunia nzima, fundi wa huku anatia mpini na ala yake basi. Lakini yule mbwa mwitu asili yake ni Passau, mji mwingine wa Ujerumani, Solingen wakamuiga, na baada ya Solingen wakamuiga mafundi wa kila pahala mpaka Sudan na Arabuni, kwa sababu mteja alikuwa anamtaka mbwa. Kwa hiyo mbwa peke yake hakwambii umri wala kwao. Ni sawa na shati lenye chapa, limeshonwa wapi hujui. Anayemuweka mbwa mstari wa kwanza wa tangazo lake, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Na kasri la Sultani! Kila upanga uliopita Zanzibar umetoka kasri, ama siku ya mizinga ya Waingereza 1896 ama siku za Mapinduzi 1964, ningeyahesabu yote ningesema Sultani alikuwa na ghala la mapanga kuliko karafuu. Jamaa zetu wa Sudan nao hivyo hivyo, kila upanga wao wenye msalaba wa chuma mpinini umeokotwa kwenye vita vya Omdurman 1898, na Kassala huko huko Sudan mpaka karne hii mafundi wanaendelea kuyafua. Hadithi isiyokuja na karatasi isikutoe hata pauni tano. Msikilize, cheka naye, kisha rudi kwenye chuma.

Nami nina haki ya kusema kwa sababu nilishapigwa. Nilikuwa kijana, Mji Mkongwe, duka silitaji, nikauziwa kitara "cha miaka mia mbili" ala yake nyeusi imechakaa vizuri, chuma kimejaa vishimo vya kutu, nikaona hapa nimeokota dhahabu. Kufika nyumbani nikapangusa mpini kwa kitambaa kibichi, kitambaa kikatoka cheusi na kunuka kiwi ya viatu. Bado nikajitia moyo, nikasema labda mwenye duka alikuwa anaupendezesha tu. Wiki ya pili napita duka jingine nakuta vitara vitatu vimening'inia, na vile vishimo vya kutu viko pale pale, kimoja kikubwa karibu na mpini, viwili vidogo juu yake, kama mapacha. Kutu ya Mungu haifanyi mapacha, vile vilitoka kwenye dawa au kwenye kalibu. Yule bwana nilimrudia, akanipa chai ya tangawizi, hela hakunipa.

Sasa mwaminifu unamjuaje. Mimi siku hizi kabla ya bei namuuliza mtu swali moja tu: una kasoro gani huu upanga? Halafu nanyamaza. Siku moja niliwauliza wawili. Mmoja akajibu "kaka huu mkali hauna shida, wahi watu wengi wanautaka". Wa pili akaniandikia aya nzima, kwamba ngozi ya mpini imefungwa upya si ya zamani, ala si yake inacheza ndani, na ncha imesagwa kidogo pengine ilivunjika. Nikanunua kwa wa pili. Upanga wa Kimanga mzee usioguswa na fundi ni nadra, haya mambo yalikuwa ya kutumika, mpini unachoka unabadilishwa, chuma cha babu kinavaa nguo mpya, hiyo haiwi feki. Inakuwa feki pale anapokwambia vyote vimezaliwa siku moja.

Muombe picha, na umwambie hasa unazozitaka, si "tuma picha zaidi" atakutumia zile zile kwa mbali. Bapa pande zote mbili mchana nje, bila flashi. Pale chuma kinapoingia mpinini, karibu kabisa, manake hapo ndipo uongo unapokaa: chuma kikongwe mpaka shingoni halafu mpini mpya unang'aa ni sawa kama kakwambia, ila kutu mbichi ya rangi ya chungwa imelingana kila mahali kuanzia ncha mpaka ndani ya mpini ni ya ndoo ya asidi. Kutu ya miaka ni nyeusi au kahawia imetulia, nyingi pale maji ya ala yalipokaa, mahali pengine hakuna kitu. Ile mifuo, mifereji ya katikati ya bapa, muombe aipige picha kwa ubavu uone kama imenyooka. Mgongo wa ala pale penye mshono, ngozi ya kale hupasuka kwenye mkunjo. Na moja ya upanga nusu umo ndani ya ala nusu nje. Asiyekuwa na dakika kumi za picha hizo kwa pauni 300, huyo mwache.

Kuhusu wapi, wewe uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Uingereza kuna minada midogo ya mikoani ambako upanga wa Oman unaingia katikati ya vikombe na saa za ukutani na wenyewe wanauandika "upanga wa Mashariki" tu, hapo mtu wa hela ndogo anapumua. Waandikie waombe ripoti ya hali ya kitu, kwa kawaida ni bure. Ila piga hesabu kabla hujanyanyua mkono! Bei ya nyundo, yaani ya mwisho mnadani, ikiwa 280, komisheni ya mnunuzi tuseme 25% ni 70, VAT 20% juu ya komisheni ni 14, ushafika 364 na bado hujausafirisha. Kwa 350 yako na kama 30 ya kusafirisha mimi ningesimama kwenye 240 na ningefunga simu, manake mnada ni kama kahawa ya barazani, kikombe kimoja kinaita kingine.

Njia ya pili mfanyabiashara wa vitu vya kale mwenye jina lake na anwani yake. Utalipa zaidi kidogo ya mnada, lakini ukinunua kwake kwa mbali sheria ya huko inakupa siku 14 za kughairi, ambayo ukinunua kwa mtu binafsi huna. Na risiti iandikwe maneno yake mwenyewe, upanga wa Oman, bapa karne ya 19, mpini umerudiwa, hivyo, isiwe "upanga mmoja". Kama ameandika karne ya 19 na wewe ukaja kugundua ni wa mwaka juzi, hiyo karatasi ndiyo itakayokusemea. Wanaoona uzito kushika kalamu ni wale wale waliokuwa na ulimi mwepesi. Njia ya tatu ni maonyesho ya silaha za kale, nenda hata bila hela, ushike vitu. Wakusanyaji wanaouza vya ziada wako pale na wanapenda kuongea kuliko kuuza, muulize mmoja "wewe ungenunua kwa nani hapa" uone majina mawili matatu yanavyojirudia.

Kabla ya yote jizoeshe macho. Leeds si mbali na wewe, kuna Royal Armouries, kuingia bure, wana ukumbi wa silaha za Mashariki. Ukienda Muscat pita makumbusho ya Bait Al Zubair, ukienda Mombasa ingia Fort Jesus. Ukiona vya kweli kumi, cha uongo kinakuwasha.

Kingine, angalia sheria. Uliousema wa babu umenyooka kwa hiyo una nafuu, lakini kitara kilichopinda chenye bapa la sentimita 50 na kuendelea kimepigwa marufuku kuuzwa na kuingizwa Uingereza tangu 2008, isipokuwa kiwe na miaka zaidi ya 100, au kimetengenezwa kabla ya 1954, au kimefuliwa kwa mkono kwa njia za jadi, na wa kuthibitisha ni wewe. Ukinunua nje kitu cha zaidi ya miaka 100 na una karatasi, forodha wanakutoza VAT ya 5% badala ya 20. Unaona karatasi inavyorudi kila pahala.

Kwa 350 tegemea nini? Mpini wa ngozi bila mapambo ya fedha, ala imechoka au haipo, bapa la karne ya 19 au mwanzo wa 20. Ukiona fedha tele kwa bei hiyo jiulize. Na usidanganyike na kuutikisa, ni kweli ukiushika ukakung'uta kiganja bapa linatetemeka na kuvuma kama nyuki, ndio raha ya razha, lakini mapanga mapya ya ngoma yanavuma pia tena zaidi. Kwa hiyo siku ya harusi nunua mpya wa kuchezea, wa kale weka ukutani, manake ulimi wa chuma ulioko ndani ya mpini hujui umeliwa na kutu kiasi gani na mbele yako wamekaa mashangazi.

SWALI: Assalaam alaykum. Nataka kumnunulia mume wangu jambia la zamani, duka moja Mutrah hapa Muscat mwenyewe kaninong'oneza kwamba mpini ni pembe ya kifaru halisi, bei yake ni ya juu lakini anasema ndio thamani. Nimuamini?
Bi Harusi wa Zamani, Ruwi

JIBU: Waalaykum salaam dada. Kuna mawili. Ama anakudanganya, pembe ya ng'ombe ikisuguliwa vizuri inapendeza na wengi wanaiita kifaru, ama anasema kweli, na hapo ni mbaya zaidi, biashara ya pembe ya faru kuvuka mipaka imekatazwa na CITES, mkataba wa kulinda wanyama na mimea adimu, utanyang'anywa uwanja wa ndege na maswali juu. Vyovyote vile anayenong'ona bei yake hainunuliki. Na ukitaka kupima mapambo yake ya fedha, sumaku isikupe imani sana, ikinasa kwenye "fedha" ujue ni chuma, ila isiponasa haina maana ni fedha, kuna madini meupe kibao yasiyonasa. Mpeleke sonara asiyehusika na duka, lipa ada yake ndogo. Mpini wa mbao mzuri wa fundi wa Nizwa mumeo ataufurahia na atasafiri nao kwenye begi la chini bila presha.

SWALI: Mzee, mimi niko Mombasa, marehemu baba kaacha upanga wa Kiarabu wa mzee wake. Kuna bwana anapita mitaani Old Town ananunua vitu vya kale kupeleka nje, kanipa bei na kaniambia niusugue ung'ae atanipa zaidi. Nifanyeje?
Mwana wa Kibokoni

JIBU: Kwanza weka chini hiyo msasa. Ukisugua unaondoa alama na ule weusi ambao mnunuzi anayejua ndio anaoutafuta, na haurudi. Pangusa kwa kitambaa kikavu, mafuta ya cherehani tone mbili, usiuache umo ndani ya ala, ngozi inanyonya unyevu wa pwani na kutu inaanzia hapo. Pili, Kenya kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kinahesabiwa mali ya kale kwa sheria ya 2006 na hakitoki nje bila kibali, kwa hiyo huyo bwana muulize kibali atakishughulikia nani, uone uso wake. Kisha chukua upanga wako, umefungwa kwenye kanga watu wasikukimbie njiani, nenda nao Fort Jesus uombe mtu wa makumbusho autazame. Bei aliyokupa yule bwana usinitajie hata mimi mpaka urudi kutoka huko.