Mwanangu aliijua simu kabla hajanijua mie

Juzi kaka mmoja wa Chake kaniandikia inboksi usiku wa manane, ati mtoto wake ana miezi miwili, akimpakata analia, akirudi kwa mama yake kimya, "kwani kanichukia?" Nilicheka, halafu nikanyamaza maana na mie yalinikuta.

Mie kazi yangu iko Nungwi, hotelini. Mimba ilipofika miezi saba mke wangu akaenda kwao Wete, kule Pemba, kujifungulia kwa mama yake, si ndo kawaida yetu. Siku aliyoshikwa na uchungu bahari imechafuka, boti hakuna, nimefika siku ya tatu mtoto keshatiwa adhana na babu yake. Nikasema alhamdulillahi, lakini sauti ya mwanzo kwenye sikio lake la kulia si yangu na mpaka leo inaniuma, sifichi. Nikampakata, nikamwita "bwana mkubwa!" kwa lile lisauti langu la kupokelea wageni, akapiga ukelele mpaka jirani akaja kuchungulia. Mke wangu yuko kitandani kajifunika kanga, kasema tu "nini tena mwanangu," hata hajamgusa, mtoto akanyamaza akageuza shingo. Mama mkwe akacheka, "Bado hajakujua, baba."

Basi nikaanza kusoma. Kumbe anaanza kusikia tumboni kwenye mwezi wa sita hivi, na sauti ya mama inampata kwa nje na inapita ndani ya mwili pia. Mwaka 1980 kule Marekani, watafiti wawili, DeCasper na Fifer, waliwapa vichanga wasiozidi siku tatu chuchu ya mpira iliyofungwa kwenye mashine, wakinyonya mpigo huu inasikika sauti ya mama, wakinyonya mpigo mwengine sauti ya mwanamke mwengine, na vile vitoto vikageuza unyonyaji wao ili vimsikie mama. 1984 DeCasper na Prescott wakajaribu kwa baba, vichanga wanaitofautisha sauti ya baba na ya mwanamme mwengine lakini hawaipendelei. Hapo nikapumua, kumbe si mie peke yangu.

Nikarudi kazini, kila baada ya alasiri natuma voisi, maneno yale yale, "Assalamu alaykum bwana mkubwa, babako hapa," mke wangu anaiweka simu kwenye mto. Miezi minne sitowachosha nayo. Siku nimefika Wete nikasimama mlangoni nikatoa ile salamu, mtoto kageuka mbio mbio... kaangalia mto! Anaitafuta simu.

Kwa hiyo ndugu yangu, ongea nae. Ongea nae akiwa kashiba, sio kishaanza kulia, umsogelee usoni, sauti ya kuvutavuta ile ya kinamama wala usione haya, watoto wanaipenda kuliko usemaji wetu wa kawaida. Maneno yale yale kila siku. Na mke akiwa mjamzito sema karibu na tumbo, mie nilimuonea haya mama mkwe na nimelipa. Nyie mnaotoka kazini mnapitiliza barazani, kahawa na bao mpaka baada ya isha, mtoto keshalala, halafu mnalalamika kamzoea mama tu, akuzoee kwa lipi? Mwenzio kaongea nae toka yumo tumboni, wewe hata wiki hujaongea nae. Ongea nae jamani.

Wangu sasa ana miezi saba, nikipiga hodi tu miguu inaruka. Ila nikimpakata nikaanza kusema ananiangalia mdomo kwanza, halafu mkono wake unaingia kwenye mfuko wangu wa shati, ndimo ninamoweka simu.