CT ya kiwandani: meno na mota

Je, CT ya kiwandani (eksirei za kila upande ambazo kompyuta huziunganisha kuonyesha ndani ya kitu) inayopima mota za umeme ndiyo hiyohiyo inayopima meno? Ndiyo, teknolojia ni ileile, ila kwenye meno hapigwi mgonjwa. Linapigwa jino lililokwisha kung'olewa, kipandikizi, au kofia ya jino kabla haijavikwa. Sababu ni mionzi: kipimo kimoja kinaweza kuchukua saa nzima, dozi ambayo mtu aliye hai hapaswi kuipata. Kwa kuwa kitu chenyewe ndicho kinachozungushwa huku mashine imetulia, kinaweza kuwekwa karibu kabisa na chanzo cha eksirei, na hivyo, picha hufika hadi mikromita chache (ile CT ya kliniki ya meno huanzia kama mikromita 75). Hapo ndipo unapoona kijimfereji cha pembeni ndani ya mzizi, pengine chembamba kuliko unywele, ambacho dawa ya kuziba haikukifikia. Inavutia mno kukitazama.

Kwenye mota za umeme kazi kubwa ni maungio ya shaba ya stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku: kwa nje weldi inang'aa, ukiipasua kwenye picha unakuta vitundu vya gesi katikati. Hapo umeme unapita kwa kubanwa na joto linapanda. Sumaku za rota, sehemu inayozunguka, nazo hutazamwa kama zina nyufa.

Ila shaba na chuma hunyonya eksirei kwa wingi sana. Stata nzima yaweza kuhitaji kilovolti 450 au zaidi, na bado picha hutoka na ukungu, kwa hiyo mara nyingi tunapiga ncha za waya zilizoungwa peke yake.