Orodha ibaki, tiki zipungue

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama kuna haja ya wanafunzi wa sekondari kukariri msamiati mgumu wa Kiingereza. Jibu nililoanza nalo lilikuwa neno moja: hakuna. Ila swali lenu limenigusa pembeni kidogo ya pale mlipolenga. Kukariri kwenyewe kunaweza kuvumilika. Kinachonichoma ni jinsi maneno hayo yanavyogawiwa alama.

Orodha ninayoisema mnaijua. Maneno kumi ubaoni Jumatatu, maana zake mkabala, jaribio Ijumaa, kisha yanafutwa na hayarudi tena. Darasani hakuna aliyewahi kuyasikia yakisemwa na mtu, kwa hiyo kila mmoja aliyatamka alivyojaliwa.

Tulikuwa na mwenzetu tuliyembandika jina la Kamusi, kijana mpole, mwandiko wake kama wa chapa. Siku moja tukapewa insha, kichwa cha habari kile kile cha miaka yote: Siku Nisiyoisahau. Kamusi akaandika kuhusu usiku ambao mdogo wake alizidiwa na homa, mama yao akamtia mgongoni na kumkimbiza hospitali. Insha ikaongoza darasa zima, tukapitishiwa daftari dawati kwa dawati ili tuige. Lilipofika kwangu nilikaa nalo hadi jirani yangu akaanza kulivuta.

Giza la usiku ule lilikuwa "ubiquitous", yaani limetapakaa kila mahali: tiki nyekundu. Mama alibubujikwa na "plethora", yaani wingi, ya machozi: tiki. Daktari aliyewapokea alikuwa "perspicacious", yaani mwenye akili ya kung'amua mambo, na hapo zilipigwa tiki mbili, kwani neno hilo halikuwa hata ubaoni, Kamusi alikuwa amelichimbua mwenyewe. Pambizoni mwalimu aliandika kwa wino ule ule kwamba msamiati ni mzuri sana.

Sasa, katikati ya madude hayo kulikuwa na sentensi mbili za maneno mepesi, ambazo mtoto wa shule ya msingi angeziandika. Ya kwanza ilisema mama alikuwa na kawaida ya kukagua komeo mara mbili kila usiku kabla ya kulala. Ya pili ilisema usiku huo aliondoka bila kufunga mlango. Basi. Ukizisoma pamoja unaiona hofu ya yule mama yote, na machozi huyahitaji hata tone. Hazikuwa na tiki. Kalamu ilipita juu yake tu, ikiwa na haraka ya kumfikia yule daktari.

Na Kamusi hakuwa mjinga, alielewa kinacholipa. Insha zake zilizofuata hazikuwa tena na komeo wala mlango wa mtu. Tulipofika kidato cha nne ungeweza kusoma kurasa zake mbili usijue nani kaenda wapi, na kwa nini, ila ukawa umekutana na maneno ya Kilatini ya kutosha kufungulia duka la dawa.

Wala hatuko peke yetu. Marekani wana SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni, ulioanza mwaka 1926, na kizazi baada ya kizazi vijana wao wamemeza maneno adimu kwa ajili yake. Watunzi wakayaondoa maswali ya vinyume mwaka 1994, wakaondoa yale ya kulinganisha jozi za maneno mwaka 2005, na mwaka 2016 wakaachana na yale ya kujaza neno gumu kwenye pengo. Ikiwa wenye lugha yao wamechoka, sisi tunang'ang'ania nini?

Nilitaka niweke nukta hapo. Lakini nikiwa mkweli, hoja yangu ina tundu. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, alichapisha orodha ya familia 570 za maneno (neno pamoja na minyambuliko yake) yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma, yawe ya sayansi, sheria au biashara. Familia hizo peke yake zinabeba takriban asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya aina hiyo. Yatazame yenyewe: "derive", "assume", "subsequent", "whereas". Hakuna la kuringia hapo. Hayo ndiyo yanayojificha ndani ya swali la fizikia na kumwangusha mtu anayeijua fizikia vizuri, kwa sababu tu hakuelewa ameagizwa afanye nini. Mwanafunzi ambaye nyumbani hana kitabu, wala mtu wa kuongea naye Kiingereza, atayapatia wapi kama si ubaoni? Wanaosema "waacheni wasome, maneno yatakuja yenyewe" mara nyingi ni watu waliokulia karibu na rafu ya vitabu. Na kitabu chenye neno geni kila mstari hakisomeki, kinafunikwa.

Kwa hiyo najikuta upande ambao sikuanza nao: orodha ibaki. Lakini iwe ya maneno ya kazi kwanza, na huyo "perspicacious" asubiri chuo kikuu, au asubiri milele. Pia irudiwe. Tangu mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alikwisha kuonyesha, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunachokariri hupotea kwa kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushikiza zaidi kuliko kushindilia kwa mkupuo. Utaratibu wa kufuta ubao Ijumaa na kuanza upya ni kutia maji kwenye pakacha.

Kuhusu insha, ningependa tiki ipigwe kwa sentensi iliyofanya kazi yake, iwe na neno kubwa au isiwe nalo. Nasema "ningependa" kwa sababu najua mwalimu mwenye rundo la madaftari hana usiku wa kutafuta mlango ulioachwa wazi katika kila insha. Neno gumu linaonekana kwa mbali, na tiki ni ya sekunde moja. Labda atoe insha chache zaidi kwa muhula, azisome zote mpaka mwisho. Wakuu wa shule hawatalipenda hilo, maana ukaguzi ukija huhesabu mazoezi yaliyosahihishwa.