Binamu yangu hakuanza na dini

Ndugu uliyeuliza kama vijana wetu wa Pwani huingia al-Shabaab, kundi la wapiganaji la Somalia, kwa sababu ya dini au umaskini: mimi ni wa Likoni, Mombasa, na binamu yangu alivuka kwenda Somalia. Nakueleza niliyoyaona.

Ufukara tulikulia sote, na wengi hatukwenda. Dini nayo, juzuu amma, ile ya sura fupi za mwisho wa Qur'ani, hakuimaliza. Kilichomgeuza ni msako. Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyeshutumiwa kuunga mkono al-Shabaab, alipopigwa risasi akafa, Mombasa ilichafuka siku kadhaa, na vijana wakawa wanazolewa na polisi mitaani. Yeye alibebwa akitoka kununua chapati. Akalala ndani siku nne, akapigwa, akaachiliwa bila shtaka.

Sisi nyumbani tukamwambia, "Shukuru umetoka mzima." Kuna mtu mwingine, mkubwa wake kwa umri, akamwambia, "Umedhulumiwa." Na ni kweli alidhulumiwa! Huyo ndiye aliyekuwa akimpitia kila baada ya isha. Video, mawaidha makali na ahadi ya pesa vilifuata baadaye, moyo ukiwa umeshachukuliwa.

Ripoti ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya 2017 kuhusu makundi ya aina hii Afrika ilisema asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma. Niliposoma hapo niliweka simu chini.

Kwa hiyo kijana wako akitoka rumande ameonewa, usimnyamazishe. Kaa naye, mtafutie wakili, malalamiko yaandikwe. Mpeleke kwa imamu anayemwamini, mwenye elimu ya kujibu aya kwa aya, asiyeanza kwa kumkaripia.

Na mama apate mlango wa kubisha usio wa polisi. Shangazi aliona mapema: mwanawe ameacha msikiti wa mtaa, ameuza simu, hasalimiani na marafiki wa zamani. Alinyamaza, maana kwenda kituoni aliona ni kumtoa mwanawe akapotezwe.

Aprili 2015, baada ya al-Shabaab kushambulia Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na kundi hilo watakaojisalimisha, mwanzoni kwa siku 10. Binamu alipiga simu usiku, akauliza kama ni kweli. Tulishasikia ya waliorudi upande wa Kwale wakauawa. Shangazi alishika simu akilia, hakujua amwambie rudi au kaa, mpaka salio la binamu likaisha, simu ikakatika.